Simu Inapomgomea Mzee: Dalili, Sababu na Namna ya Kuirekebisha

Mara nyingi ninapoitwa nimsaidie mzee ambaye simu yake "imeharibika", nakuta simu nzima kabisa. Tatizo ni kwamba ilitoka kiwandani ikiwa imepangwa kwa kidole laini, jicho kali na sikio linalonasa kila mlio, kisha ikatiwa mkononi mwa mtu wa miaka 75. Mzee anagusa, haiitiki. Anagusa tena kwa nguvu, inafungua kitu asichokitaka. Mwisho anaiweka juu ya kabati na kusema mambo haya ni ya vijana. Anajilaumu kwa kosa lisilo lake, ilhali mpangilio ambao ungemwondolea adha umo humo humo ndani ya simu, ila hakuna aliyemwonyesha.

Nimepanga mwongozo huu kwa dalili, kwa maneno ambayo wazee wenyewe huyatumia. Chini ya kila dalili naanza na sababu inayotokea mara nyingi zaidi, kisha nashuka hadi ile ya nadra. Fuata mpangilio huo hata kama unahisi unaijua sababu ya mwisho. Majina ya vitufe hutofautiana kidogo kati ya simu na simu, kwa hiyo usipoliona neno ninalolitaja, liandike kwenye kisanduku cha kutafuta kilicho juu ya Mipangilio. Ninayoyaeleza zaidi ni ya simu za Android. Pale iPhone inapotofautiana nitasema.

Kwanza, kama wewe ni mtoto au mjukuu unayesaidia, simu ibaki mkononi mwa mzee. Wewe elekeza, yeye aguse. Ukimpokonya ukaitengeneza kwa sekunde kumi, kesho tatizo litarudi, na safari hiyo ataona haya kukuita.

Pili, kuzima simu na kuiwasha upya hutibu mengi, lakini usiizime kabla hujamuuliza mzee kama anaikumbuka namba ya siri ya kuifungua. Simu ikiwaka upya haikubali alama ya kidole wala uso hadi namba hiyo iandikwe kwanza. Nimeona mtu akizima simu kwa nia njema, na mzee aliyezoea kidole kwa miaka miwili akabaki nje ya simu yake mwenyewe.

"Naigusa, haisikii"

Hili ndilo lalamiko la kwanza, na sababu yake kuu ni ngozi kavu. Skrini za sasa hazihisi msukumo. Zinahisi badiliko dogo la umeme pale ngozi inapokaribia kioo, na ngozi yenye unyevu hulileta badiliko hilo vizuri kuliko ngozi iliyokauka au yenye sugu. Umri ukienda ngozi hukauka, hasa vidoleni. Ndiyo maana kubonyeza kwa nguvu hakusaidii chochote. Jaribu hivi: mzee apulize pumzi ya joto kwenye ncha ya kidole, kisha aguse. Ikiitika, umeshapata jibu. Ajipake mafuta kidogo mikononi na kuyafuta, aguse kwa nyama ya kidole na si kwa ukucha. Ikiwa bado ni shida, ipo kalamu maalumu ya skrini yenye ncha laini, na wazee wengi huipenda kwa sababu mkono unaitambua kama kalamu ya kawaida.

Sababu ya pili ni protekta. Ikiwa nene, imeinuka pembeni au imepasuka, mguso haufiki vizuri. Ibandue kwa muda ujaribu. Simu nyingine zina mpangilio wa kuongeza usikivu wa mguso kwa wanaotumia protekta, uwashe.

Ya tatu huchanganya watu, kwa sababu dalili yake ni kwamba simu inasikia, ila inafanya kingine. Simu huhesabu mguso uliodumu karibu nusu sekunde kuwa ni kugusa na kushikilia, na hilo ni agizo tofauti: ikoni zinaanza kuhama, menyu zinachomoza, ujumbe unachaguliwa badala ya kufunguka. Mzee hugusa taratibu, kwa uangalifu, na uangalifu huo ndio unaomponza. Nenda Mipangilio, kisha Zana za ufikivu, tafuta muda wa kugusa na kushikilia, uweke mrefu. Kwenye iPhone kuna sehemu ya kurekebisha mguso inayoweza pia kupuuza miguso inayojirudia. Inamfaa sana anayetetemeka mikono. Anayetetemeka ailaze simu mezani badala ya kuishika hewani.

Angalia pia mkono unaoishika simu. Kidole gumba kikiegemea ukingo wa kioo, simu inaona watu wawili wanaigusa kwa pamoja na inasita. Kava lenye kingo pana humaliza tatizo hilo.

Ukishapita hapo pote, gusa ikoni moja, ishikilie, iburute polepole ukizunguka skrini nzima. Ikidondoka mahali pale pale kila mara, kioo kina sehemu iliyokufa na kazi hiyo ni ya fundi.

Acha mara moja ukiona kioo kimeinuka upande mmoja au mgongo wa simu umevimba. Hiyo ni betri iliyofura. Izime, usiichaji, usiikandamize irudi mahali pake, usiitoboe. Iweke mbali na kitu kinachoweza kushika moto, kisha ipelekwe kwa fundi. Na kama kutetemeka kwa mikono ni kwa siku chache zilizopita, jambo hilo si la fundi simu bali la daktari.

"Inajisemea yenyewe, na haifunguki"

Hakuna hitilafu inayotisha wazee kama hii. Simu inasoma kwa sauti kila kinachoguswa, kuna kisanduku cha rangi kinachozunguka kitu kilichochaguliwa, mguso mmoja haufungui kitu, na ukurasa haupandi wala haushuki. Wengine huamini kuna mtu ameingia ndani ya simu.

Karibu kila mara ni TalkBack imewashwa bila kukusudia. Hiki ni chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya wasioona, nacho kwenye simu nyingi huwaka ukishikilia vitufe viwili vya sauti, cha kuongeza na cha kupunguza, kwa sekunde tatu. Mzee akiishika simu kwa kuibana pembeni, vitufe hivyo viwili hubonyezwa pamoja.

Vishikilie vitufe vile vile viwili tena kwa sekunde tatu. Isipozima, fahamu sheria zake: gusa mara moja kuchagua, kisha gusa mara mbili haraka haraka kufungua, kusogeza ukurasa tumia vidole viwili kwa pamoja. Hata namba ya siri utaiandika hivyo, tarakimu moja moja. Kwa mwendo huo ingia Mipangilio, Zana za ufikivu, TalkBack, uzime. Ukiwa humo humo, ondoa na ile njia ya mkato ya vitufe vya sauti, la sivyo itajirudia wiki ijayo. Kwenye iPhone chombo cha namna hiyo huitwa VoiceOver. Ikiwa njia yake ya mkato imewekwa, huwaka na kuzimika kwa kubonyeza kitufe cha pembeni mara tatu, au kile cha chini ya skrini kwa simu zilizo nacho.

Ndugu wa tatizo hili ni skrini iliyokuzwa kupita kiasi, ambapo mzee anaona pembe moja tu ya ukurasa. Kwenye Android gusa skrini mara tatu haraka kwa kidole kimoja. Kwenye iPhone gusa mara mbili kwa vidole vitatu. Rangi zikigeuka, weupe ukawa weusi na picha za watu zikaonekana kama mizimu, tafuta mpangilio wa kugeuza rangi huko huko kwenye Zana za ufikivu.

"Simu ikiita siisikii"

Anza na sauti ya mlio. Simu ina sauti kadhaa zinazojitegemea: ya mlio, ya mazungumzo, ya video na muziki, ya kengele ya kuamka. Mzee akiongeza sauti wakati anatazama video, mlio wa simu haujaguswa. Na sauti ya mazungumzo kwenye simu nyingi hupandishwa mtu akiwa anaongea, si kabla. Mpigie, apokee, kisha abonyeze kitufe cha kuongeza huku mnaongea.

Kisha angalia kama iko kwenye ukimya au hali ya Usinisumbue. Kwenye iPhone nyingi kuna swichi ndogo pembeni ambayo husogea simu ikiingizwa tu mfukoni.

Bluetooth pia. Simu ikiwa imeungana na spika iliyo chumba kingine, sauti inakwenda huko. Izime Bluetooth ujaribu, isipokuwa kama mzee anavaa shimesikio, yaani kifaa cha kumsaidia kusikia, kilichounganishwa na simu kwa njia hiyo.

Halafu kuna sababu ambayo watu hawaifikirii. Masikio yakizeeka huanza kupoteza sauti nyembamba, zile kali za juu, na spika ndogo ya simu ndizo inazozitoa vizuri. Kwa hiyo mlio unaweza kuwa mkubwa kwako na kwa mzee haupo kabisa. Usiongeze tu sauti, badilisha mlio. Chagua wenye sauti nzito, yenye mdundo, na umjaribishe akiwa amekupa mgongo. Washa mtetemo, na uwashe taa ya nyuma imulike simu inapoita.

Wapo wanaosikia mlio lakini simu inawakatikia. Mara nyingi wanagusa kitufe cha kijani mahali panapotakiwa kukitelezesha. Waonyeshe mwendo wenyewe wa kuburuta kidole, au kama simu ina mpangilio wa kupokea kwa mguso mmoja, uwashe. Angalia pia kama kitufe cha kuwashia simu kimewekwa kukata mazungumzo, maana mzee anaweza kukibana akiwa anaileta simu sikioni.

Anayevaa shimesikio cha nyuma ya sikio akilalamika kuwa kinapiga mluzi, hajui kwamba simu haitakiwi kuelekezwa kwenye tundu la sikio. Aipandishe kidogo, ikabili maikrofoni ya kifaa, iliyo juu nyuma ya sikio.

Mwisho ni uchafu kwenye tundu la spika, au protekta iliyoliziba. Tumia mswaki mkavu, laini. Usitie sindano wala maji.

Mzee akisema sikio moja limeziba ghafla, tangu jana au leo asubuhi, usikae unatafuta mipangilio. Kupoteza usikivu ghafla kunahitaji daktari siku hiyo hiyo, kwa kuwa tiba ikichelewa usikivu unaweza usirudi.

"Wananitafuta hawanipati"

Hali ya ndegeni ikiwa imewashwa, ukanda wa juu wa skrini huonyesha alama ya ndege na hakuna simu inayoingia. Hiyo ndiyo sababu ya kawaida. Inayofuata ni laini iliyolegea mahali pake. Zima simu, itoe, irudishe.

Lakini kama mzee anapiga bila shida yoyote na kupokea hapokei, huku wanaompigia wanapokewa na mtu wasiyemjua, hatari iko hapo. Matapeli humwambia mtu abonyeze namba zinazoanza na nyota na 21, na kwa hatua hiyo simu zake zote huelekezwa kwao, zikiwemo za benki za kuthibitisha miamala. Piga *#21# uone kama kuna uelekezaji, kisha ##002# kuufuta wote. Baada ya hapo fuata yale niliyoyaandika chini kuhusu pesa.

"Maandishi yananikimbia"

Mipangilio, Skrini, ukubwa wa fonti. Uongeze hatua kwa hatua mzee akiwa anasoma ujumbe halisi, na usimame pale anapoacha kusogeza simu mbali na uso. Ukipitiliza, vitufe vya baadhi ya programu husukumwa nje ya skrini na utaitwa tena kwa tatizo jipya. Tenganisha ukubwa wa fonti na ukubwa wa onyesho: wa pili unakuza kila kitu, ikoni pamoja nazo, na mara nyingi huo ndio unaohitajika zaidi. Ongeza unene wa maandishi kama upo. Hali ya giza husifiwa sana, ila kwa baadhi ya macho maandishi meupe juu ya weusi huonekana yanatapakaa. Mwache mzee achague mwenyewe.

Macho kufifia polepole mara nyingi ni suala la miwani au mtoto wa jicho, nenda hospitali kwa miadi. Akiona mimweko ya mwanga, vidoa vingi vya ghafla, au kama pazia linashuka upande mmoja, aende leo.

"Namba ya siri inakataliwa"

Uliza kwanza: namba ipi? Wazee wengi wana namba nne au tano zinazofanana kwa sura: ya kufungua simu, ya laini, ya kutuma pesa, ya kadi ya benki, ya WhatsApp. Mara nyingi namba ni sahihi, mlango ndio si wenyewe. Soma kilichoandikwa juu ya kisanduku kabla ya kubahatisha, kwa sababu kubahatisha kuna gharama.

Namba ya laini ikikosewa mara tatu, laini hujifunga na kudai namba ndefu iitwayo PUK. Hiyo huwa imeandikwa kwenye kadi iliyokuja na laini, au utaipata kwa mtoa huduma ukiwa na kitambulisho. PUK ikikosewa mara kumi, laini inakufa moja kwa moja. Kwa hiyo ikidaiwa PUK na huna uhakika nayo, acha hapo hapo.

Namba ya kufungua simu ikikosewa mara kadhaa, simu humsubirisha mtu muda unaozidi kurefuka. Mwache mzee apumzike, ale, kisha aishike simu kama kawaida bila kuulizwa. Mara nyingi kidole kinakumbuka njia ambayo kichwa kimeisahau. Ikishindikana, kilichobaki ni kuifuta simu yote, na hiyo si hatua ya kuichukua peke yako jioni ukiwa umechoka: picha zisizohifadhiwa kwingine zitapotea, na simu ya Android ikishafutwa kwa njia hiyo itadai akaunti ya Google iliyokuwamo. Kama nywila ya akaunti hiyo nayo haijulikani, utakuwa umejifungia mara mbili.

Namba ya WhatsApp ya tarakimu sita ikisahaulika, na hakuna barua pepe iliyosajiliwa ya kuirejesha, husubiriwa siku saba. Mwambie mzee hivyo asidhani amefukuzwa.

Alama ya kidole kukataliwa ni jambo jingine. Mistari ya vidole hulika kwa miaka ya kazi, na ngozi kavu huongeza ugumu. Futa alama ya zamani, osha mikono, paka mafuta kidogo, sajili upya kidole hicho hicho mara mbili kana kwamba ni vidole viwili, kisha kidole gumba cha mkono wa pili.

Watu hushangaa ninapowaambia mzee aandike nywila zake daftarini. Daftari lililo nyumbani, mahali anapopajua yeye na mtu mmoja anayemwamini, ni salama kuliko nywila moja nyepesi inayotumika kila mahali. Anayeiba mtandaoni hawezi kulifungua daftari. Namba za pesa na za kadi ya benki ndizo zisizoandikwa humo.

"Vitu vyangu vimepotea"

Ikoni ya WhatsApp haionekani, mzee anaamini mazungumzo yote na wanawe yamefutika. Kwa kawaida ikoni imeburutwa ikaenda ukurasa mwingine, kwa sababu ile ile ya mguso mrefu. Telezesha kidole kutoka chini kwenda juu, andika jina lake, ipo. Irudishe mahali pake, kisha kama simu ina mpangilio wa kufunga skrini ya mwanzo isihamishwe, ufunge.

Ikiwa kilichopotea ni kitufe cha kurudi nyuma, huenda simu ni mpya au imesasishwa na sasa inaongozwa kwa kutelezesha vidole. Rudisha vitufe vitatu vya chini kwenye mipangilio ya usogezaji. Sioni sababu ya kumlazimisha mzee wa miaka 80 kujifunza mwendo wa vidole wakati vitufe vipo na vinasomeka.

Picha zilizofutwa hukaa kwenye tupio kabla ya kupotea kabisa: siku 30 kwenye iPhone, kwenye Picha za Google siku 60 kama zilikuwa zimehifadhiwa mtandaoni, na 30 kama hazikuwa. Angalia huko kabla ya kulia. Na usiiondoe WhatsApp ili kuirudisha upya kabla ya kuhakikisha nakala ya mazungumzo imehifadhiwa.

"Inasema imejaa"

Video za kusambaziana kwenye makundi, basi. Ndani ya WhatsApp, kwenye mipangilio ya hifadhi na data, kuna sehemu ya kusimamia hifadhi inayopanga mafaili kuanzia kubwa. Pitieni pamoja, maana usichokithamini wewe kinaweza kuwa sauti ya mwisho ya rafiki yake. Kisha zimeni upakuaji wa video unaojiendesha. Usiweke programu yoyote inayojitangaza kusafisha simu. Nyingi ndizo zinazoleta matangazo yanayofuata hapa.

"Inaniambia simu ina virusi"

Ukurasa mwekundu unamweka, pengine na mlio, unamtaka mzee abonyeze au apige namba fulani. Ukurasa wa tovuti hauna uwezo wa kuikagua simu. Ni tangazo la uongo. Asibonyeze chochote ndani yake, hata alama ya kufunga, kwa sababu nayo inaweza kuwa mtego. Arudi skrini ya mwanzo, afunge kivinjari kwa kukitelezesha nje.

Ukirudi kila siku, sababu ya kwanza ni ruhusa ya arifa iliyotolewa kwa tovuti fulani kwa kubonyeza "Ruhusu" bila kujua. Ingia mipangilio ya kivinjari, arifa, zuia zote usizozitambua. Sababu ya pili ni programu iliyowekwa karibuni: tochi, kisafishaji, mandhari, mchezo. Kumbukeni matangazo yalianza lini na siku hiyo kiliwekwa nini, kiondoeni. Ikikataa kuondoka, ishikilie alama ya kuzima simu hadi iulize kuhusu hali salama, iwashe hivyo, kisha uiondoe.

Sasa jambo zito. Ikiwa kuna mtu amepiga, akajitambulisha kwa jina la benki, kampuni ya simu au serikali, na akataka mzee ataje namba iliyoingia kwa ujumbe, au aweke programu ya kumwezesha "kumsaidia" kwa mbali, kata simu. Hakuna adabu inayovunjwa. Wazee wengi hushindwa kukata kwa sababu wamelelewa kutomkatiza mtu kauli, na matapeli wanalijua hilo.

Kama tayari programu imewekwa au namba imetajwa, washa hali ya ndegeni papo hapo. Kwa simu nyingine, piga benki kwa namba iliyo nyuma ya kadi, wala si kwa namba iliyoingia kwenye simu. Waambie wafunge akaunti, kisha mbadilishe namba za siri kwenye kifaa salama. Simu yenyewe aione fundi mnayemwamini kabla haijarudi mtandaoni. Toeni taarifa polisi hata kama pesa ni kidogo.

Siku hizi sauti ya mtu inaweza kuigizwa na kompyuta. Wekeni neno moja la kifamilia, la kawaida, lisiloandikwa popote. Mjukuu "aliyekamatwa" au "aliyepata ajali" aulizwe neno hilo kabla ya senti kutoka.

Usimgombeze mzee aliyetapeliwa. Ukimgombeza leo, litakalotokea kesho hatakuambia, na saa za kwanza ndizo pesa zinapoweza kuzuiwa.

"Imejipigia polisi yenyewe"

Simu nyingi za Android tangu toleo la 12 hupiga namba ya dharura kitufe cha kuwasha kikibonyezwa mara tano mfululizo. Uingereza mwaka 2023 polisi walilalamikia simu za kimya zilizoongezeka kwa sababu hiyo. Kava linalobana kitufe ndilo la kukaguliwa kwanza. Ikitokea, asikate. Aseme tu kwamba amekosea, kwa kuwa simu ya kimya inaweza kuwafanya wampigie tena au wamtafute. Mpangilio huo hauzimwi ovyo: mzee anayeishi peke yake anaweza kuuhitaji kweli. Mfundishe namna ya kuusitisha.

"Mtandao hakuna" na "chaji haikai"

Kwa mtandao: hali ya ndegeni, data, salio la bando, kisha tarehe na saa. Tarehe ikiwa imekosewa, tovuti hukataa kufunguka zikidai si salama. Programu moja tu ikigoma kwenye simu ya zamani, huenda toleo limepitwa. Mwezi Mei 2025, kwa mfano, WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye iPhone zenye mfumo ulio chini ya 15.1, na hakuna kosa la mtumiaji hapo.

Kwa chaji: badilisha waya kwanza, kisha kichwa cha chaja. Tundu la simu hujaa vumbi la mifukoni. Zima simu, ulichokonoe taratibu kwa kijiti cha mbao, kamwe si cha chuma. Betri iliyotumika miaka mitatu au minne inaweza tu kuwa imechoka. Ikipata joto la kushindwa kushikika ikiwa kwenye chaji, itoe na usiirudishe.

"Wiki iliyopita niliweza, leo siwezi"

Hii nimeiacha mwisho kwa sababu simu yenyewe haina neno. Mzee aliyekuwa akituma ujumbe wa sauti kila asubuhi hajui tena aanzie wapi.

Chunguza kwanza kama simu imesasishwa usiku. Sura ikibadilika, hata kijana hupotea. Kama haijabadilika, mwangalie mtu. Uso umeshuka upande mmoja, mkono mmoja hauinuki, maneno yanamkwama au hayaeleweki: ni dalili za kiharusi, na dakika zinahesabika. Piga namba ya dharura kwa simu hiyo hiyo, ukumbuke saa alipoonekana mzima mara ya mwisho, maana madaktari wataiuliza. Kuchanganyikiwa kulikokuja kwa siku moja au mbili, hata bila dalili hizo, kunaweza kutokana na maambukizi kama ya mkojo, upungufu wa maji mwilini au dawa mpya; apelekwe hospitali siku hiyo na dawa zake zote zikiwa kwenye mfuko.

Kama ni jambo la miezi, anasahau hatua aliyoifanya dakika iliyopita, analipa mara mbili, anampigia mtu yule yule akidhani hajampigia, andika tarehe na ulichokiona. Mpeleke kwa daktari na karatasi hiyo. Wakati mnasubiri miadi, skrini ya mwanzo ibaki na picha za watu watatu wa kupigiwa, na mpige nyinyi kila siku saa ile ile.